Kona Fupi Chini ya Cherehani

Jumanne saa nne asubuhi, jezi namba saba ilirudishwa kwa fundi aliyeishona. Ililetwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi yenye mhuri wa chama cha mpira wa magongo: punguza kifua inchi mbili, teremsha pindo inchi moja na nusu, itachukuliwa kesho jioni. Fundi aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa amekaa. Yeye ndiye aliyeshona jezi zote kumi na nane za timu ya taifa ya wasichana walio chini ya miaka kumi na minane. Aliwapima mmoja mmoja kwa futi kamba, nao walikuwa wakicheka kwa kutekenywa makwapani. Namba saba ilikuwa jezi ya binti yake. Siku tisa tu zilikuwa zimepita tangu ampime, na hakuna msichana anayepungua kifua na kurefuka mgongo ndani ya siku tisa.

Akafumua mshono. Kazi ni kazi, na chama hakikuwa na mazoea ya kuulizwa maswali.

Binti yake alirudi saa saba kutoka mazoezini, akaegemeza gongo lake nyuma ya mlango, akanawa, akala, ndipo akaiona jezi juu ya meza.

"Mama, hiyo si yangu? Imefanya nini tena?"

"Inarekebishwa," mama yake akasema, pini zikiwa mdomoni.

"We naye! Ilikuwa inanikaa sawa kabisa."

Mama hakujibu kwa sababu ya zile pini. Siku hiyo alikaa na pini mdomoni muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

Wenzake kwenye timu walimwita binti huyo Gundi, na jina hilo lilikuwa limefuta lile la kwenye cheti cha kuzaliwa hata nyumbani. Timu ikipewa kona fupi, mchezaji wa kwanza huusukuma mpira kutoka kwenye mstari wa goli, wa pili husubiri ukingoni mwa duara na kuusimamisha, na wa tatu huupiga. Wa tatu akifunga hubebwa juujuu. Wa pili hakuna anayemkumbuka, maana kazi yake ni kuhakikisha kwamba kwa nusu sekunde hakuna kinachotokea. Gundi alikuwa wa pili. Mpira mgumu mweupe uliokuja kwake ukikimbia ulisimama mbele ya gongo lake kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Alikuwa na miaka kumi na saba na miezi minane. Mashindano ya kimataifa ya vijana hufanyika kila baada ya miaka miwili. Haya yangekuwa ya kwanza kwake na ya mwisho, na kwa ajili yake alikuwa ameamka alfajiri tangu akiwa darasa la tano.

Alhamisi orodha ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Namba saba alikuwa mpwa wa Katibu wa chama, msichana mrefu, mwembamba, mpole, ambaye alikuwa amefika mazoezini mara mbili. Pembeni ya jina la Gundi, chini kabisa, waliandika: ameachwa kwa sababu za kiufundi. Kocha alipoulizwa alisema orodha imetoka juu, na aliposema hivyo akatazama darini.

Gundi alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mama yake alikuwa kwenye cherehani, na alipomwona mlangoni aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Ulijua?"

"Tangu Jumanne."

"Na ukashona?"

"Nikashona."

"Ukashona vizuri?"

Mama akafikiri kidogo. "Vizuri," akasema.

Gundi akaingia ndani akajifunika shuka gubigubi, na mama akarudi kwenye kazi yake akiwa anaona haya mbele ya mtoto wake kwa mara ya kwanza maishani. Alijiambia kwamba hata angekataa, wangempelekea fundi mwingine. Ilikuwa kweli, wala haikumsaidia kitu.

Timu iliondoka Jumamosi kwa ndege. Jumanne, saa tisa alasiri, walicheza mechi yao ya kwanza. Gundi alikuwa sakafuni akichambua vifungo, vyeupe huku, vyeusi kule. Jirani yao fundi viatu, aliyefanyia kazi zake kwenye baraza ileile, alikuwa ameitegesha simu yake kwenye kalibu ya kiatu ili atazame mechi huku akipiga soli. Yeye na mama yake Gundi walikuwa wakiitana Fundi kwa miaka kumi na moja sasa, bila hata mmoja wao kumchanganya mwenzake na yeye mwenyewe.

Dakika ya kumi na mbili timu ikapewa kona fupi. Papo hapo, chumbani kwa Gundi na mama yake, mpira ukatokea chini ya cherehani, ukapita kati ya miguu ya mama, ukaja moja kwa moja sakafuni hadi kwa Gundi. Akauzuia kwa kiganja. Ulikuwa umelowa.

"Umelowa," akasema.

"Watakuwa wamemwagia uwanja maji," mama akasema. "Futa hapo kabla hujaharibu hicho kitambaa."

Hakukosea. Nyasi bandia humwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira uteleze. Gundi alifuta sakafu, lakini kabla ya kufuta aliinama akanusa yale maji. Yalinukia mpira na plastiki na asubuhi za mazoezi, na alitamani kuwa uwanjani kiasi kwamba kifua kilimuuma kama amekimbia.

Fundi viatu alichungulia mlangoni. "Fundi, huko wamepoteza mpira. Ulisukumwa kona fupi, haukufika kwa yule wa pili. Wanautafuta."

"Waambie uko hapa."

"Nitawaambiaje, na hii simu inaonyesha tu?"

"Basi waache watafute."

Mpaka mechi inaisha mipira minne ilikuwa imewasili, yote ya kona fupi. Mama alitoa beseni la nguo wakaiweka humo. Mechi iliisha bila kufungana, na usiku Gundi akamtumia Kocha picha ya beseni.

Kesho yake Kocha alipiga simu. Alisema kwamba wasimamizi wamepekua kanuni: mpira ukitoka nje ya uwanja unaletwa mwingine, na umbali uliotoka haujatajwa popote. Lakini msimamizi mkuu, mama mmoja mkavu asiyemjua mtu yeyote wa timu hii, alikuwa ameuliza mipira inakwenda wapi, akaambiwa kwa msichana fulani nyumbani kwao. Akauliza kwa nini msichana mwenyewe hayupo kwenye orodha. Hapo, Kocha akasema, watu walianza kukohoa.

"Sasa sikiliza. Kanuni zinaruhusu kubadilisha mchezaji mmoja, mradi iwe kabla ya fainali na kuwe na sababu ya msingi. Yule mama anasema hii ni sababu ya msingi. Pasipoti yako ipo?"

"Ipo, Kocha."

"Funga begi. Nasubiri saini ya Katibu tu."

Gundi alifunga begi kwa dakika sita. Kisha akalifungua, akakunja nguo upya, akalifunga. Alilibeba hadi barazani akakaa juu yake na gongo magotini, na kila gari lililopunguza mwendo alisimama. Mama alimwambia aingie ndani jua linamchoma. Hakusikia. Alikuwa na furaha ya kutisha, furaha ya mtu aliyeshika glasi iliyojaa hadi ukingoni akaambiwa atembee nayo.

Alhamisi saa tisa mechi ya pili ilimkuta bado amekaa mkao wa kuondoka, begi mlangoni, viatu vya kuchezea mguuni. Mpira wa kwanza ulipotokea chini ya cherehani hakuuzuia kwa mkono. Alisimama, akateremsha gongo, na mpira ukatulia mbele yake. Alikuwa amejawa na heri siku hiyo, hakuwa na kinyongo na mtu yeyote, hata yule mpwa. Kwa hiyo akausukuma polepole urudi ulikotoka, kama unavyomrudishia jirani kuku wake.

Mpira uliingia chini ya cherehani, lakini haukugonga ukuta.

"Umerudi!" fundi viatu akapaza sauti barazani. "Umesimama palepale ukingoni mwa duara, umetulia tuli! Nahodha huyo... Goli! Goli, Fundi!"

Mama alitoka mbio, akashikana mikono na fundi viatu. Gundi alibaki ndani akiruka mzima mzima katikati ya vipande vya vitambaa. Kona ya pili ilipokuja alifanya vilevile, na timu ikashinda mawili kwa bila. Alicheka jioni nzima. Ni mama yake aliyenyamaza kwanza, akiwa anapanga sahani, kwa sababu alikuwa amefanya kazi na chama kile kwa miaka na alijua kinavyofikiri.

Katibu alipiga simu Ijumaa asubuhi. Sauti yake ilikuwa tamu.

"Mama Gundi, hongereni sana. Binti ametuinua. Nimelifuatilia suala lake mimi mwenyewe, na kwa kweli sioni haja ya kumsumbua mtoto na safari ndefu namna hii. Kumbe akiwa hapohapo kazi inafanyika! Mwambie asichoke, aendelee hivyohivyo."

"Kocha alisema anasubiri saini yako, Bwana Katibu."

"Saini ni ya kubadilisha mchezaji, mama. Sasa tubadilishe nini, na timu inashinda?"

Mama alirudisha simu mezani. Gundi alikuwa amesikia kila kitu, maana chumba kilikuwa kimoja. Alivua viatu vya kuchezea, akavikung'uta nje ingawa havikuwa na udongo.

"Ningeiacha kwenye beseni," akasema. "Ningekaa kimya tu."

"Hukujua."

"Nilifurahi, mama. Basi tu. Nilifurahi."

Mama alimvuta akamlaza begani, na wakakaa hivyo hadi mteja alipobisha akitaka sketi yake.

Jumamosi ilikuwa nusu fainali. Asubuhi, mama alifunga mlango wa mbele, jambo asilolifanya siku za kazi, akamkalisha binti yake kitini.

"Leo usirudishe hata mmoja. Ikija, beseni hilo hapo. Wakiona goli haliingii, huyo bwana atatia saini kabla jua halijazama, na kesho wewe uko fainali."

"Na wakifungwa leo?"

"Wakifungwa wamefungwa."

Gundi aliitikia kwa kichwa. Kipindi cha kwanza ilikuja mipira mitatu. Kila mmoja aliusimamisha, akausindikiza kwa gongo hadi kwenye beseni, na kila mmoja mama aliufuatisha na tambara. Kwenye simu ya fundi viatu, mpwa wa Katibu alionekana akiweka gongo chini kwa uangalifu mkubwa mahali ambapo hapakuwa na kitu. Timu ilikuwa nyuma kwa goli moja.

Wakati wa mapumziko simu ikalia. Ilikuwa namba ya Kocha, lakini aliyeongea ni Nahodha, aliyekaa dawati moja na Gundi tangu shule ya msingi. Alikuwa akihema.

"Gundi, unaizuia?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Niliwaambia wenzangu, nikasema huyu anaizuia, na hata ningekuwa mimi ningeizuia." Sauti za wasichana wengine zikasikika nyuma yake. "Walichokufanyia ni ushenzi. Sote tunajua, na hakuna aliyesema neno. Hata mimi sikusema. Niliogopa na mimi wataniacha."

"Najua."

"Lakini Gundi, mimi pia nina miaka kumi na saba."

Nahodha akasema tena, taratibu, "Hapa tuko kumi na mmoja ambao hatutarudi tena," kisha mtu akamwita na simu ikakatika.

Mama alikuwa akimtazama mwanawe. Hakusema kitu, na baadaye alijilaumu kwa kutosema, kisha akajilaumu kwa kutaka kusema. Kipindi cha pili kilianza. Dakika saba baadaye mpira ulitokea ukikimbia kuliko yote, ukimwaga maji ukutani, na Gundi akashuka goti moja akausimamisha. Alikaa nao pale muda ambao fundi viatu anasema haukuzidi kupepesa macho, na mama anasema ulitosha kutunga sindano uzi. Gundi alilia huku ameushikilia, bila sauti. Halafu akausukuma.

Walishinda mawili kwa moja. Katibu hakupiga simu wala hakutia saini.

Jumapili, nusu saa kabla ya fainali, mpwa wa Katibu alipiga kwa namba yake mwenyewe. Alijieleza yeye ni nani, akaamkia, akauliza hali ya mama.

"Dada, samahani kukusumbua. Nikiweka gongo pale chini, huoni vibaya? Nisipoliweka watu watauliza."

"Weka."

"Mimi nilikuwa naomba nipelekwe kuogelea. Mjomba akasema huku ndiko kuna nafasi."

"Liweke kushoto kidogo," Gundi akamwambia. "Mpira ukitoka usije ukakugonga mguu, unaumiza."

"Asante, dada."

Fainali ilimalizika kwa goli moja, la kona fupi, dakika nne kabla ya mwisho. Gundi aliusimamisha mpira ule, akaurudisha, akabaki ameinama na gongo mikononi, akisikiliza barazani sauti ya watu wa nchi nyingine wakishangilia ndani ya simu ya fundi viatu. Sakafu ilikuwa imelowa kuanzia cherehani hadi kitandani. Mtangazaji alimsifu namba saba kwa utulivu wake. Wasichana kumi na wanane walipanda jukwaani, wakavishwa medali, na Nahodha alipovishwa yake aliangalia chini, kwenye nyasi, kwa muda mrefu kuliko wengine.

Waliporudi kulikuwa na mapokezi. Nahodha alikuja nyumbani siku hiyohiyo, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, akataka kuvua medali yake amvishe Gundi. Gundi alikataa. Wakakaa wawili hao barazani wakila karanga na kucheka mambo ya kipa wao aliyepoteza kiatu kimoja hotelini. Ripoti ya chama ilitoka mwezi uliofuata. Iliwashukuru wafadhili, serikali, wazazi na hali ya hewa.

Gundi akatimiza miaka kumi na minane, kisha kumi na tisa. Alijifunza kukata kola na kutia zipu, na jioni alicheza na klabu ya mtaani kwenye uwanja wa changarawe, ambako mpira hurukaruka na goti likigusa chini ngozi inabaki hapo. Huko pia alikuwa wa pili, huko pia hakukosea. Lakini ikifika saa tisa alasiri aliacha alichokuwa akifanya akatazama chini ya cherehani, na mama alijifunza kusogeza miguu yake pembeni bila kuambiwa. Haukutokea mpira hata mmoja.

Kisha msimu wa mashindano ukarudi. Asubuhi moja alikuja karani wa chama, mtu wa heshima zake, mwenye faili kwapani. Aliomba kiti, akaomba maji, akaomba kuonyeshwa chumba. Alipima kwa hatua kutoka cherehani hadi ukutani, akaandika.

"Mimi nimepita umri," Gundi akamwambia. "Miaka kumi na minane ndiyo mwisho."

"Hiyo ni kwa wachezaji, dada," karani akasema kwa upole. "Wewe huko hupo."

Akamgeuzia faili ili aone mwenyewe. Haikuwa orodha ya timu. Ilikuwa orodha ya vifaa, imepigwa chapa vizuri na kutiwa saini na Katibu: mipira dazeni tano, magongo ya akiba kumi, koni ishirini na nne, sanduku la huduma ya kwanza moja, binti wa fundi mmoja.

Mama alinyanyuka kwenye cherehani, mkasi bado mkononi. Gundi aliusoma mstari ule wa mwisho mara mbili, kidole kikiwa juu ya karatasi, kisha akauliza mechi ya kwanza ni saa ngapi.